Mto wa theluji unaovuka mpaka: Kootenay, kilele cha Juni na data zisizolingana

Mwl_Kidato ameuliza:

Habari za humu wakuu. Naandaa zoezi la kidato cha sita kuhusu mto unaolishwa na theluji na kuvuka mpaka wa nchi. Nimechagua Kootenay: unaanzia British Columbia (Kanada), unaingia Montana na Idaho (Marekani), kisha unarudi Kanada na kumwaga kwenye Columbia. Wanafunzi wachore grafu wenyewe kutoka data halisi, wasinakili ya kitabuni. Nimekwama mahali patatu.

1. Kwenye ramani Kootenay unapita pembeni kabisa ya ziwa unakoanzia mto Columbia, lakini mmoja unaelekea kusini na mwingine kaskazini. Inakuwaje?

2. Vitabu vinasema mto wa theluji hujaa mwishoni mwa Mei na Juni. Nimepakua mtiririko wa kituo cha Leonia, pale Montana inapopakana na Idaho, miaka ya karibuni. Juni haina kilele cha maana, na miaka mingine Desemba maji ni mengi kuliko Juni. Data ni mbovu?

3. Nikilinganisha takwimu za Kanada na za Marekani kwa mto huohuo, za Marekani ni kubwa mara thelathini na kitu.

Natanguliza shukrani.

---

Nyuzi49 amejibu:

Mwalimu, la tatu ndilo jepesi: ni vipimo tu. Kanada hutoa mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, Marekani kwa futi za ujazo kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3. Gawanya namba zote za USGS (idara ya Marekani inayopima mito) kwa 35.3 kabla hujachora chochote. Ukiona pia kipimo cha "acre-foot" kwenye mambo ya mabwawa, hicho ni ujazo wa maji yaliyohifadhiwa, si mtiririko. Kimoja ni kama mita za ujazo 1,233.

La pili: data ni nzima. Unachokiona Leonia ni kazi ya bwawa la Libby, Montana. Limejengwa juu ya Leonia, yaani upande mto unakotoka, lina kimo cha mita 129, na lilianza kujazwa mwaka 1972. Nyuma yake kuna ziwa la Koocanusa lenye urefu wa kilomita 145, karibu nusu yake ikiwa ndani ya Kanada. Maji ya theluji yakishuka Mei na Juni, Libby huyazuia. Yanaachiwa baadaye, vuli na majira ya baridi, kuzalisha umeme na kupisha nafasi ya theluji ya mwaka unaofuata.

Desemba yako inatoka hapo hapo. Ziwa likijaa huwa futi 2,459 juu ya usawa wa bahari (kama mita 749.5). Kwa kawaida waendeshaji hulishusha hadi futi 2,411 ifikapo mwisho wa Desemba, isipokuwa makadirio ya theluji yakiwa madogo. Karibu mita 15 za ziwa refu namna ile zinapotolewa kwa miezi michache, lazima mto wa chini uonekane umefurika wakati milimani kila kitu kimeganda. Kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa ni futi 2,287, yaani mita 52 chini ya kujaa. Mwezi wa Aprili upande wa Kanada, ambako ziwa ni la kina kifupi, hubaki tope na vumbi na mto mwembamba katikati.

Kwa hiyo mfereji ni uleule, lakini kinachopita Leonia kinatokana na ratiba ya watu. Ukitaka theluji yenyewe, panda juu ya Koocanusa.

---

Kokoto amejibu:

Naongezea la kwanza, maana ndilo tamu.

Mito yote miwili iko ndani ya bonde moja refu la ufa liitwalo Rocky Mountain Trench, linaloenda kama kilomita 1,600 kutoka Montana hadi karibu na Yukon. Sakafu yake ni bapa kiasi kwamba kigawa-maji kati ya Columbia na Kootenay si mlima wala kilima. Ni uwanda wa mchanga na kokoto, upana wake kama kilomita mbili, mahali paitwapo Canal Flats. Kootenay unashuka kutoka milimani upande wa mashariki, unaingia bondeni hapo na kugeukia kusini. Ziwa Columbia liko kaskazini tu ya uwanda huo, na maji yake yanaondoka kuelekea kaskazini. Chini ya ardhi mambo si safi kama kwenye ramani: maji ya Kootenay hupenya kwenye kokoto na kulilisha ziwa.

Mtu aliwahi kujaribu kuviunganisha. Baillie-Grohman alichimba mfereji pale ukakamilika mwaka 1889. Lengo lake la awali lilikuwa kuelekeza maji ya mafuriko ya Kootenay kwenye Columbia ili kukausha mabonde ya Creston, mamia ya kilomita chini, yalimwe. Waliokuwa na maslahi upande wa Columbia hawakutaka mafuriko ya wenzao, basi mfereji ukawekewa lango na ukaishia kupitisha meli mbili tatu tu. Jina la mahali limebaki.

Wazo halikufa, Mwalimu. Mkataba wa Mto Columbia, uliotiwa saini tarehe 17 Januari 1961 na kuanza kutumika Septemba 1964, unaipa Kanada haki, baada ya miaka 20, kuhamisha hadi acre-foot milioni 1.5 kwa mwaka hapo Canal Flats (kama kilomita za ujazo 1.85). Haijafanyika mpaka leo. Waulize wanafunzi nani angepata hasara: Libby iliyo chini yake, au wenye mitambo ya Columbia?

---

Kina_cha_Theluji amejibu:

Kabla hawajachora, waelewe kwanza kwa nini Juni. Wengi hudhani ni joto tu. Joto linakuja tangu Aprili.

Theluji haiyeyuki mlima mzima kwa mpigo. Aprili yanaanza mabonde, Mei miteremko ya kati, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni ukanda wa juu wenye theluji nene na eneo kubwa. Vilevile, tabaka la theluji la majira ya baridi lina halijoto chini ya sifuri. Joto la kwanza la machipuko linatumika kulipandisha hadi nyuzi 0, na maji ya kwanza hunaswa ndani yake. Mto hauoni kitu mpaka tabaka lote limeshiba. Baada ya hapo kila kinachoyeyuka juu kinatoka chini.

Kipimo cha maana si kina cha theluji bali maji yaliyomo. Theluji mpya huwa na uzito kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, ya machipuko kilo 300 hadi 500. Mita 2 za theluji ya kilo 350 ni milimita 700 za maji. Vituo vya milimani hupima hivi kwa mfuko bapa wenye kimiminika kisichoganda uliolazwa ardhini: theluji inaukandamiza, na shinikizo linasomwa kama milimita za maji. Upande wa Marekani mtandao huo unaitwa SNOTEL. British Columbia ina wa kwake. Tarehe inayotazamwa na kila mtu ni 1 Aprili.

Hesabu ya darasani: chukua kiwango cha milimita 4 za maji kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya sifuri, kwa siku. (Hutofautiana, mara nyingi kati ya 2 na 6, msituni ni kidogo, juani ni kikubwa.) Wastani wa siku ukiwa nyuzi 10, zinayeyuka milimita 40. Kwenye kilomita za mraba 100 ni mita za ujazo milioni 4 kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400, unapata kama mita za ujazo 46 kwa sekunde. Siku kumi na saba na nusu za namna hiyo zinamaliza zile milimita 700. Ndiyo maana kilele ni kirefu lakini kina mwisho wa ghafla.

Na tahadhari moja kuhusu mvua juu ya theluji. Wanafunzi watasema mvua ya vuguvugu "inachemsha" theluji. Wafanye hesabu: milimita 50 za mvua ya nyuzi 10 zina joto la kuyeyusha milimita 6 tu hivi. Kinachofanya madhara ni hewa yenye unyevu na upepo: mvuke unapogeuka kuwa maji juu ya theluji, kilo moja ya mvuke inatoa joto la kuyeyusha kilo saba na nusu za barafu. Jumlisha mvua yenyewe, halafu tabaka lililokwisha kushiba, ndipo mto unapanda kwa kasi.

---

Pwani_Bara amejibu:

Mbona hamjataja barafu za kudumu? Columbia unatoka kwenye zile barafu kubwa za Rocky. Nadhani hizo ndizo zinazolisha mto, theluji ya msimu ni nyongeza.

---

Kina_cha_Theluji amejibu:

Ndugu, ni kinyume chake. Kwa mwaka mzima theluji ya msimu ndiyo inayotawala. Barafu za kudumu zinaonekana kwenye grafu Agosti na Septemba, theluji ikishaisha: vijito vyenye barafu juu havikauki, visivyo nayo vinashuka sana. Mchango wake ni mdogo kwa ujumla, ila ni mkubwa kwa wakati, maana unakuja kiangazi na unapoza maji ya samaki. Tena Columbia Icefield yenyewe, uwanda mkubwa wa barafu huko Rocky, hupeleka sehemu kubwa ya maji yake kwingine: Athabasca unaoishia Aktiki, na North Saskatchewan unaoishia ghuba ya Hudson.

---

binti_wa_Jipe amejibu:

Na huku kwetu watu hukosea hivyohivyo kuhusu Kilimanjaro. Mto Lumi unashuka mlima huo, unavuka kutoka Tanzania kuingia Taveta, Kenya, unamwaga Ziwa Jipe lililo mpakani, kisha maji yanatoka kama mto Ruvu na kurudi Tanzania hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mpaka unavukwa mara mbili kama Kootenay, lakini kinachoulisha ni mvua, ukungu wa msituni na chemchemi. Barafu ya Kibo ni ndogo mno kulisha mito. Mwalimu, ukitaka mfano wa kulinganisha umbo la mto bila kulinganisha chanzo, huo unafaa.

---

Mwl_Kidato amejibu:

Asanteni sana, dada na wakuu wote. Sasa nieleweshwe kwa vitendo: nitumie vituo gani, na naweza kuongeza Bonners Ferry? Pia, maji ya Kootenay yanavuka mpaka mara ngapi hasa mpaka baharini? Nimehesabu mbili, mwenzangu anasema tatu.

---

Nyuzi49 amejibu:

Tatu. Kanada kwenda Montana ndani ya Koocanusa. Idaho kurudi Kanada pale Porthill, juu ya Creston. Halafu, baada ya Ziwa Kootenay, Nelson na kuungana na Columbia huko Castlegar, maji yaleyale yanashuka kupita Trail na kuvuka latitudo ya nyuzi 49 kuingia jimbo la Washington. Huo mpaka ulichorwa na mkataba wa 1846 kwa kufuata latitudo, haukujali bonde lolote. Ukitaka kuwachanganya zaidi, wafuatilie North Fork ya Flathead: British Columbia, Montana, kisha Clark Fork na Pend Oreille kupitia Idaho na Washington, kurudi Kanada kwa kilomita chache tu, kuungana na Columbia hatua kadhaa kabla ya mpaka, na kutoka tena. Nayo tatu.

Vituo. Kwa theluji isiyoguswa tumia Kootenay pale Fort Steele, juu ya Koocanusa. Kwa Columbia tumia Nicholson, karibu na mji wa Golden. Juu yake hakuna bwawa kubwa. Kwa mto uliodhibitiwa baki na Leonia. Columbia ukivuka mpaka kuna kituo cha USGS namba 12399500, lakini hicho kiko chini ya mabwawa mengi, usikitumie kuonyesha asili.

Bonners Ferry usiitumie kwa mtiririko. Mto pale ni tambarare na unarudishwa nyuma na Ziwa Kootenay, lililo ng'ambo ya mpaka. Kina kilekile cha maji kinaweza kuwa cha mitiririko miwili tofauti, kutegemea ziwa limejaa kiasi gani. Itumie kwa kimo cha uso wa maji tu: kiwango cha mafuriko cha mji huo ni futi 1,764 juu ya usawa wa bahari.

Utaratibu ninaopendekeza: pakua wastani wa kila siku wa Fort Steele na wa Leonia kwa miaka kumi ileile. Badili Leonia kuwa mita za ujazo. Kwa kila tarehe ya mwaka tafuta wastani wa miaka kumi, chora mistari miwili kwenye karatasi moja. Halafu chora Leonia ya miaka kumi kabla ya 1972 kwa rangi ya tatu. Mstari huo wa tatu utafanana kwa umbo na Fort Steele, na swali lako la pili litajijibu lenyewe ubaoni.

Mambo yanayoharibu zoezi: mwaka wa maji wa USGS unaanza 1 Oktoba, kwa hiyo "mwaka 1996" wao una Oktoba ya 1995. Kwenye data za Kanada herufi B kando ya namba ni barafu mtoni na E ni makadirio. Msiziondoe, ila msijenge hoja juu ya vilele vya Januari vyenye B. Za USGS zenye P bado hazijathibitishwa. Ukitumia data za saa, badilisha zote ziwe UTC (saa ya kimataifa), kwa sababu bonde hili limegawanyika kwa majira ya saa, na eneo la Creston halisogezi saa kiangazi.

---

Kokoto amejibu:

Nyuzi49 amemaliza upande wa namba. Swali la nani anaamua lisikose, kwa sababu zoezi ni la mpaka.

Karibu asilimia 15 ya bonde la Columbia iko Kanada, lakini zaidi ya theluthi moja ya maji hutoka huko, sababu ndiko kwenye milima yenye theluji nyingi. Mei 1948 hilo lilionekana: theluji nyingi, machipuko yaliyochelewa, kisha joto la ghafla pamoja na mvua. Tarehe 30 Mei mji wa Vanport, Oregon, ulifagiliwa na watu zaidi ya 18,000 wakakosa makazi. Kilele cha Columbia pale The Dalles kilikuwa kama mita za ujazo 28,600 kwa sekunde. Trail, ndani ya Kanada, nako kulifurika.

Mkataba wa Mto Columbia ulitokana na hayo. Kanada ilijenga mabwawa ya Duncan (1967), Keenleyside (1968) na Mica (1973), yenye nafasi ya acre-foot milioni 15.5, na Marekani ikaruhusiwa kujenga Libby. Marekani ililipa dola milioni 64.4 kwa kinga ya mafuriko ya miaka 60, na Kanada ikapewa haki ya nusu ya umeme wa ziada unaozalishwa chini kutokana na maji hayo kuhifadhiwa. Miaka 60 iliisha Septemba 2024. Kwa mujibu wa mkataba, baada ya hapo Marekani inatakiwa kwanza itumie mabwawa yake yenyewe, na ikihitaji zaidi iombe na kulipa.

Ziwa Kootenay lina mlinzi wa zamani zaidi: tume ya pamoja ya nchi mbili, iliyoundwa chini ya mkataba wa maji ya mpakani wa 1909, ilitoa amri mwaka 1938 inayopanga ziwa liwe kina gani kwa msimu gani. Bwawa la Corra Linn ndilo linalotekeleza. Wenyeji hulilaumu bwawa hilo kila Juni ziwa likipanda, lakini wakati wa theluji kuyeyuka kinachozuia maji ni mlango mwembamba wa mto uitwao Grohman Narrows, juu ya bwawa. Malango yakifunguliwa yote, maji bado hayapiti haraka kuliko mwamba unavyoruhusu.

---

Kina_cha_Theluji amejibu:

Jambo moja dogo kabla hujachapa karatasi, Mwalimu. Kwenye mstari wa Leonia wa sasa wanafunzi wataona kinundu cha Mei au Juni na watasema "hii hapa theluji". Si yote theluji. Stajeni mweupe wa Kootenai (ndivyo Marekani wanavyoandika Kootenay) aliorodheshwa Marekani mwaka 1994 kama samaki aliye hatarini kutoweka. Anahitaji maji yapande na kupata joto ili atage. Libby huachilia maji kwa makusudi, ikichota kutoka vina tofauti vya ziwa kupata halijoto inayofaa. Namna ya kutofautisha: weka mstari wa Fort Steele juu yake. Kilele cha theluji hupanda na kushuka kwa mikunjo isiyolingana kufuata hali ya hewa. Maji ya kuachiliwa hupanda kwa ngazi, hukaa bapa siku kadhaa, kisha hushuka kwa ngazi. Wape rula tu.